Kura Huanzia Kwenye Kipande: Tuliyojifunza Tukisindikiza Watu Kwale

Oktoba 2016, Wamakonde wa Kwale walifunga safari ya kwenda Nairobi kwa miguu. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za mkoloni kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa hapa, wakazika hapa, wakapata wajukuu hapa, na bado kwenye karatasi walihesabiwa wageni. Walichokwenda kuomba ni kitu kinachoingia mfuko wa shati: kitambulisho. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu na kuamuru wapewe. Februari 2017 wa kwanza wakavishika mkononi, na Agosti mwaka huohuo wakapanga foleni ya kura pamoja na Wakenya wengine. Mwaka 2023 ikafika zamu ya Wapemba, wavuvi wa Kwale na Kilifi, nao wakatambuliwa kuwa raia.

Yaliyoandikwa hapa yametokana na kazi ya kuwasindikiza watu kwenye njia hiyo, kutoka kwa chifu hadi kwenye sanduku. Kosa letu la kwanza, ambalo lilitugharimu zaidi kuliko yote, lilikuwa kudhani kwamba haki ya kura hulindwa siku ya uchaguzi. Siku hiyo wanakuja waangalizi, kamera na askari, lakini aliyekosa kura kwa kawaida aliikosa miezi mingi kabla, kwenye meza ya mbao katika ofisi ya eneo, kwa sababu ya jina lililoandikwa vibaya au nauli iliyokosekana.

Basi anza na kipande, yaani kitambulisho. Pwani bado tunakiita hivyo, ingawa neno lenyewe lina machungu: kipande cha kwanza kilikuwa cha mkoloni, kilichovaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Cha leo ndicho mlango wa kura. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inataka mtu aliyetimiza miaka 18 aonyeshe kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya. Karatasi ya kusubiri, ile unayopewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, haikubaliki. Hili wengi hawalijui, na hatukulisema kwa sauti ya kutosha.

Tazama yaliyotokea Oktoba 2021. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilifungua mwezi mzima wa kuandikisha watu, ikilenga wapiga kura wapya milioni 6. Walipatikana takriban milioni 1.5. Ikarudi tena Januari 2022 ikilenga milioni 4.5, ikapata kama milioni 1. Wengi walisema vijana wamekata tamaa na siasa, na sehemu yake ni kweli. Lakini ukikaa karibu na meza ya karani unaona jambo jingine: mashine iko wazi, karani ameketi, na nje vijana wamesimama na karatasi za kusubiri mikononi. Hao walikuwa na hamu. Kilichokosekana ni kipande, nacho hakipatikani ndani ya mwezi wa uandikishaji ukianza kukitafuta wakati huo.

Ombi la kitambulisho huanzia kwa naibu wa chifu au chifu, kisha kwa ofisa wa usajili wa watu. Beba cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili kama wapo, na cheti cha kumaliza shule. Kama mzazi amefariki, beba cheti cha kifo pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kama mtoto alizaliwa nyumbani na hakusajiliwa, anza kwanza na cheti cha kuzaliwa kilichochelewa, maana bila hicho utarudishwa. Ada za kitambulisho zimebadilika mara kadhaa tangu 2023, kwa hiyo uliza kiasi siku hiyohiyo ofisini, na usilipe chochote bila risiti.

Soma majina kabla ya kutia alama ya kidole. Hapa ndipo tulipoona madhara makubwa kutokana na jambo dogo. Majina ya Pwani yana njia nyingi za kuandikwa: Hamisi na Khamis, Mwanaisha na Mwana Isha, Bakari na Abubakar. Cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na cha shule kikisema vile, ombi linakwama mezani. Herufi moja huweza kumrudisha mtu kwenye kiapo cha kuthibitisha jina, wakili, muhuri na nauli nyingine. Mwambie karani akugeuzie fomu au skrini, usome herufi kwa herufi kwa sauti. Asiyejua kusoma aende na mtu anayemwamini. Dakika mbili hizo zimeokoa watu miezi.

Kisha kuna msasa, yaani kuchunguzwa zaidi kama kweli wewe ni raia. Jamii za mpakani, Waislamu wa Pwani, Wanubi na Wasomali wanajua neno hili vizuri. Mwenzako wa bara anapeleka karatasi na kwenda zake, lakini wewe unapangiwa siku ya kuketi mbele ya kamati ya wazee na maofisa, uulizwe babu yako alizikwa wapi. Wanubi walipeleka malalamiko yao hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2015 uamuzi uliotangazwa ukawapa haki. Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini huko Wajir tangazo la kukomesha msasa huo wa ziada. Ni hatua iliyopiganiwa kwa miongo, na inastahili kuheshimiwa. Hata hivyo, tangazo la Wajir na tabia ya meza ya mbali ni vitu viwili. Ukiambiwa urudi siku nyingine bila sababu, usiondoke mikono mitupu. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa serikali unapokuumiza. Andika barua fupi yenye tarehe, nambari ya ombi na swali moja: ombi langu limekwama wapi? Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisa anatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Asipojibu, nakala yenye muhuri ndiyo utakayoipeleka kwenye Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Tumeona faili zilizolala muda mrefu zikiamka baada ya barua yenye muhuri.

Gharama ni lazima zisemwe. Hesabu angalau safari tatu: kuomba, kuchukua, kuandikishwa. Kwa mtu wa ndani ya Kinango au wa Vanga, kila safari ni bodaboda, matatu, nakala za karatasi na kibarua cha siku kilichopotea. Mama anayeuza samaki hawezi kuacha samaki wake mara tatu kwa ahadi ya kura ya mwaka ujao, na kumlaumu kwamba hajali ni kumkosea. Kilichosaidia ni kuchanga nauli kikundini na kwenda pamoja siku moja, baada ya kumpigia ofisa kuhakikisha vitambulisho vimefika. Safari nyingi za bure zilitokana na kutopiga simu hiyo.

Ukishapata kipande, kichunge. Usikiweke rehani kwa mkopeshaji wala dukani. Ukikiacha langoni mwa jengo, kwa mlinzi, hakikisha unakichukua unapotoka. Kununua au kushikilia vitambulisho vya watu ili wasipige kura ni mchezo wa kale, na huanza kwa lugha tamu ya msaada.

Kuandikishwa kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Katiba, Ibara ya 88, inataka uandikishaji uwe wa kuendelea, si wa msimu. Baada ya Tume ya Uchaguzi kukaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, uandikishaji huo ulianza tena Septemba 29, 2025 kwenye ofisi za maeneo bunge. Karani anaandika maelezo yako, anakupiga picha, anachukua alama za vidole, kisha anakupa karatasi yenye jina la kituo chako. Ipige picha papo hapo.

Vidole ni mada inayostahili kukaliwa. Mkata mkonge, mchimba mawe, mvuvi anayevuta kamba za jarife, mama anayekuna nazi na kupasua kuni, vidole vyao vimelainika kama jiwe la mtoni. Mashine inasoma mistari ya ngozi, na mistari imekwisha. Tulizoea kuwaharakisha wazee hao ili foleni isogee, na lilikuwa kosa. Mwache mzee anawe kwa sabuni, ajifute vizuri, asugue viganja vipate joto, kisha akandamize kidole kikiwa bapa bila kukisukuma. Kidole cha shahada kikikataa, jaribu cha kati na cha mkono mwingine. Mwombe karani arudie hadi picha iwe safi. Alama mbovu leo ndiyo foleni ya mateso siku ya kura.

Amua pia utaandikishwa wapi. Vijana wengi wanaofanya kazi Ukunda, Mombasa au Nairobi hujiandikisha kijijini kwa mapenzi ya nyumbani. Siku za uchaguzi nauli hupanda, mwajiri hatoi ruhusa ya siku tatu, na kura inabaki kwenye daftari. Ushauri wetu ni huu: jiandikishe mahali unapolala siku nyingi za mwaka, isipokuwa una hakika kabisa ya safari.

Aliyehama, au aliyeolewa akahamia kwa mumewe, anahitaji uhamisho wa kituo. Hapa watu hufanya kosa la kujiandikisha upya. Usifanye hivyo. Katiba inaruhusu kituo kimoja tu, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Nenda mwenyewe na kitambulisho kwenye ofisi ya Tume ya eneo bunge unalohamia, ujaze fomu ya uhamisho. Sheria inataka ufanye hivyo siku 90 au zaidi kabla ya uchaguzi, na uandikishaji mpya hufungwa zikibaki siku 60. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, Jumanne ya pili ya Agosti. Kwa hesabu hiyo mwisho wa uhamisho ni Mei 12, na wa uandikishaji Juni 11. Usizitumie tarehe hizo kama shabaha. Wiki za mwisho ofisi hufurika, mashine huishiwa na chaji, na likichelewa gari moja tu umekosa.

Baada ya hapo watu wengi hupumzika, na huko ndiko tulikopoteza kura za watu waliofanya kila kitu sawasawa. Daftari lazima likaguliwe na wewe mwenyewe. Sheria inafungua siku 30 za uhakiki kabla ya uchaguzi. Mwaka 2022 zilikuwa Mei 4 hadi Juni 2. Uhakiki wa alama za vidole hufanyika kituoni, na mwaka huo mtu aliweza pia kuangalia kituo chake kwa kutuma nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa ujumbe wa simu. Kila mmoja afanye uhakiki, hata yule aliyepiga kura mara tatu zilizopita. Mwaka 2022 Tume yenyewe ilikiri kwamba wapo wapiga kura waliohamishwa vituo bila idhini yao. Mtu alikuta jina lake liko kaunti nyingine. Aliyegundua Mei alirekebishiwa, na aliyegundua asubuhi ya Agosti 9 alirudi nyumbani.

Ukaguzi wa daftari uliofanywa na kampuni ya wakaguzi ya KPMG mwaka huohuo uliibua pia zaidi ya rekodi 246,000 za watu waliokwisha kufariki. Kila jina la marehemu linalobaki linampa mwenye nia mbaya nafasi, na linawapa wengine kisingizio cha kufyeka majina ya walio hai. Familia ikichukua cheti cha kifo na kupeleka taarifa kwa ofisa wa Tume, imelinda kura ya kijiji kizima.

Wapo waliosahaulika zaidi. Wafungwa walishinda kesi mwaka 2010 wakaruhusiwa kupiga kura ya maoni ya Katiba, na mwaka 2017 wakapiga kura ya urais katika uchaguzi mkuu. Ni kura ya urais peke yake hadi sasa. Kizuizi kikubwa kwao ni kilekile: kipande kilibaki nyumbani, au kwenye kituo cha polisi siku ya kukamatwa. Kama una ndugu gerezani, ulizia kitambulisho chake na ukipeleke kwa ofisa wa ustawi wa gereza kabla ya msimu wa uandikishaji. Kwa walio ng'ambo, vituo vilianza mwaka 2013 katika nchi nne za Afrika Mashariki na kufikia nchi 12 mwaka 2022, zikiwemo Qatar na Falme za Kiarabu. Saudi Arabia, waliko binti zetu wengi, haikuwemo. Walioandikishwa ng'ambo nzima walikuwa kama 10,400 tu, idadi isiyojaza hata wadi moja ya Mombasa, na hilo linaumiza. Aliyeandikishwa kwa pasipoti lazima aje na pasipoti siku ya kura, na anayefanya kazi za nyumbani Ghuba mara nyingi pasipoti yake imo kabatini kwa mwajiri.

Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliyekuwa kwenye foleni saa kumi na moja ana haki ya kupiga kura, hata giza likiingia, kwa hiyo usitoke kwenye mstari. Shule kubwa hugawanywa mikondo, kila mkondo usizidi wapiga kura 700, na majina hupangwa kwa herufi. Tafuta mkondo wako kwenye orodha ya ukutani kabla ya kupanga foleni; tumeona watu wakisimama kwa muda wa saa tatu kwenye mlango usio wao.

Mashine ikikataa kidole, usiondoke. Narudia, usiondoke. Mwambie msimamizi wa kituo kwa upole kwamba unaomba Fomu 32A. Utaratibu uko hivi: anawaita mawakala wa wagombea washuhudie kwamba mashine imeshindwa kukutambua, fomu inajazwa mbele yao, jina lako linatafutwa kwenye daftari lililochapishwa, ukipatikana unapewa karatasi zako sita. Makarani wengine wamechoka au hawakumbuki, na mzee asiyejua jina la fomu hurudishwa kwa neno moja. Tulianza kuwaandikia wazee "32A" kwenye kikaratasi kidogo wakikunja pamoja na kipande. Kilifanya kazi kuliko hotuba zetu zote.

Asiyeona, au asiyejua kusoma, anaweza kuingia na msaidizi mtu mzima aliyemchagua mwenyewe, asiye mgombea wala wakala. Msaidizi huapa kutunza siri kwenye Fomu 32, na humsaidia mtu mmoja tu. Kwa hiyo kijana mmoja hawezi kuwasaidia bibi zake wawili. Panga hilo nyumbani mapema. Asiye na mtu husaidiwa na msimamizi mbele ya mawakala, maana yake siri inakuwa ya watu wengi. Wanaokumbuka mlolongo wa 1988, mpiga kura akijipanga nyuma ya picha ya mgombea hadharani, hawahitaji kuelezwa kwa nini kijichumba kile cha kadibodi ni cha thamani.

Kagua kwamba kila karatasi imepigwa muhuri wa Tume kabla hujaingia kijichumbani, kwa sababu isiyo na muhuri haihesabiwi. Tia alama moja, ndani ya nafasi ya mgombea mmoja, na usiandike jina lako wala saini.

Kura huhesabiwa palepale kituoni. Matokeo ya urais huandikwa kwenye Fomu 34A, ikionyesha waliojiandikisha, kura halali, zilizokataliwa na za kila mgombea, kisha mawakala hutia saini. Wakala akikataa kusaini, sababu huandikwa. Nakala hubandikwa mlangoni kwa umma. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na fomu za matokeo zilikuwa kiini cha mabishano. Mwaka 2022 Tume iliweka picha za 34A za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, kila mtu azione. Picha yako ya simu ndiyo ya kulinganishia. Ipige fomu yote kwa pamoja, pembe zote nne zionekane, kisha karibia jumla na saini, mwisho piga mlango wenye jina la kituo na nambari ya mkondo. Nenda na tochi, maana hesabu huisha usiku na madarasa mengi hayana taa. Kama mlangoni hapana karatasi, muulize msimamizi kabla masanduku hayajafungwa kwa lakiri na kupakiwa garini.